Ogaden: wakubwa walihama upande katikati ya vita, mpaka ukabaki palepale

#1 Mzee wa Ramani

Wakuu, habari za mchana.

Kila Ethiopia na Somalia zinapokorofishana, humu jukwaani tunagawanyika makundi mawili. Moja linasema ni fitina ya wazungu tu, bila wao hawa ndugu wangekuwa wanakunywa kahawa pamoja. Jingine linasema hao walizaliwa wakipigana, mzungu anasingiziwa bure. Nitashusha historia ya Ogaden kipande kwa kipande. Mniache nimalize, mawe baadaye.

Msimamo wangu nautoa mapema, asiye na muda asome aya hii akalale. Ugomvi ni wa wenyewe. Ila ukubwa wa moto, na siku ya kuzimwa, viliamuliwa na watu wa mbali. Na katika hao wa mbali hakuna hata mmoja aliyewahi kuitaka Ogaden. Walitaka bahari: Aden, Massawa, Berbera, mlango wa Bab el-Mandeb. Ogaden ilikuwa chenji.

Kwa wasioijua: Ogaden ni nyika kubwa ya mashariki mwa Ethiopia, na wakazi wake karibu wote ni Wasomali wafugaji wa ngamia. Kaskazini yake kuna ukanda wa malisho unaoitwa Haud. Mvua ikinyesha, mifugo ya kutoka Hargeisa na Burao inaingia Haud. Ikikauka, inarudi kwenye visima vya upande wa pili. Mfugaji alikuwa hajui habari ya kuomba ruhusa kwa mtu.

Mwaka 1887 Menelik wa Pili akaichukua Harar, na kuanzia hapo askari wake wakawa wanashuka nyikani kuswaga mifugo ya watu kwa nguvu. Kwa hiyo tusidanganyane, kwenye kugawana pembe ya Afrika Ethiopia haikuwa mtazamaji. Ilikaa mezani na ikachukua chake.

Mwaka 1897 akatumwa Addis Ababa Mwingereza mmoja, Rennell Rodd. Mwaka mmoja kabla Menelik alikuwa amewachapa Waitalia pale Adwa, kila mtu alikuwa anamwogopa. London ilikuwa na wasiwasi kwamba atawasaidia wafuasi wa Mahdi kule Sudan. Ili atulie, wakamwachia kipande kikubwa cha Haud. Tatizo ni kwamba miaka ya 1880 Waingereza haohao walikuwa wametia saini mikataba ya ulinzi na koo za Wasomali wanaochunga hukohuko. Hakuna aliyewauliza. Kwa Uingereza, Somaliland yote, koloni lao la kaskazini mwa Somalia, faida yake ilikuwa nyama ya kulisha kambi ya Aden. Mlinzi wa njia ya kwenda India alihitaji mbuzi, basi.

Nakuja na kipande cha pili.

#2 Chogo la Samaki

Naweka kiti. Mleta mada usituache njiani kama yule wa uzi wa Kagera, mpaka leo tunamsubiri.

#3 Kisima Kikavu

Mzee wa Ramani, hujambo. Mimi ni wa kundi la pili na sioni haya. Imam Ahmad Gurey karne ya 16 alifika mpaka katikati ya nyanda za juu za Wahabeshi, akachoma makanisa. Hapo Uingereza ilikuwa wapi? Marekani ilikuwa haijazaliwa. Hawa ni majirani wenye kisasi cha miaka 500, tuache kutafuta mchawi.

#4 Mzee wa Ramani

Kisima Kikavu, asante kwa kunipigia pasi. Uingereza haikuwepo ila wengine walikuwepo. Imam alikuwa na wapiga bunduki waliotoka kwa Waturuki wa Uthmaniya, na Mfalme wa Ethiopia aliokolewa na Wareno. Mwaka 1541 Wareno wapatao 400 waliteremka Massawa na bunduki zao, wakiongozwa na Cristóvão da Gama. Ndiyo, mtoto wa yuleyule Vasco aliyepita Mombasa na Malindi. Mwaka uliofuata alikamatwa na kuuawa. Mwaka 1543 akauawa Imam mwenyewe, na jeshi lake likasambaratika.

Na walifuata nini huko? Wareno na Waturuki walikuwa wanagombea Bahari ya Shamu na biashara ya Bahari ya Hindi. Kisasi kipo, sikatai. Lakini hata hicho kisasi chako cha miaka 500 kilipiganwa kwa baruti ya wageni.

#5 Mzee wa Ramani

Kipande cha pili: visima.

Desemba 1934, mahali panapoitwa Walwal. Hakuna mji pale, ni visima tu, na ndiyo maana vilikuwa vya thamani. Waitalia wa Somalia walikuwa wameshajenga ngome hapo, ndani kabisa ya eneo ambalo kwenye ramani ni la Ethiopia. Ikafika tume ya mpaka ya Waingereza na Waethiopia ikiwa na askari wa kuisindikiza. Wakatazamana kwa siku kadhaa, halafu risasi zikalia na watu wengi wakafa. Mussolini alikuwa anatafuta sababu, akaipata. Oktoba 1935 akaivamia Ethiopia. Umoja wa Mataifa wa wakati ule ukabaki kupitisha vikwazo ambavyo havikugusa mafuta.

Mwaka 1941 Waingereza wakawafukuza Waitalia, na hapa ndipo pana jambo ambalo wengi hawalijui. Kwa miaka kadhaa karibu Wasomali wote walikuwa chini ya serikali moja ya kijeshi ya Kiingereza: Somalia ya Italia, Somaliland, na Ogaden pia. Mwaka 1946 Ernest Bevin, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, akapendekeza nchi zile ziunganishwe ziwe kitu kimoja. Msikimbilie kumpigia makofi, maana alitaka ziwe chini ya usimamizi wa Uingereza. Warusi wakaona ujanja, Wamarekani na Wafaransa wakakataa, Haile Selassie naye akakataa. Mfalme tayari alikuwa amewapa Sinclair, kampuni ya mafuta ya Marekani, leseni ya kutafuta mafuta mwaka 1945, Ogaden ikiwemo. Alijua kabisa anamwalika nani mezani.

Mwaka 1948 Ogaden ikarudishwa kwa Ethiopia. Haud ikafuata kwa mkataba wa Novemba 1954. Wasomali walipeleka wajumbe London na Umoja wa Mataifa, wakasikilizwa kwa adabu, wakarudi mikono mitupu. Mkataba uliwaachia haki ya kuchunga ng'ambo ya mpaka, maana yake uchungaji wa babu zako sasa ni hisani ya serikali ya mtu mwingine.

Miaka 6 baadaye Somalia ikapata uhuru ikiwa na bendera yenye nyota ya pembe tano. Pembe mbili zilikuwa ndani ya nchi. Tatu zilikuwa kwa majirani: Djibouti iliyokuwa chini ya Wafaransa, Ogaden, na kaskazini mashariki mwa Kenya.

#6 Binti Tana

Hapo kwa Kenya niachieni mimi, hiyo ni nyumbani.

Mwaka 1962 Waingereza walileta tume kuuliza watu wa NFD, yaani huko kaskazini mashariki, wanataka nini. Wengi wakasema wazi wanataka kwenda Somalia. Tume ikaandika hivyo. Halafu serikali ya Uingereza ikafanya kinyume, kwa sababu ilikuwa inajiandaa kumkabidhi Kenyatta nchi na haikutaka kukosana naye, na yeye hangekubali nchi imegwe. Machi 1963 Somalia ikavunja uhusiano na London. Disemba mwaka huohuo, uhuru haujamaliza hata mwezi, hali ya hatari ikatangazwa NFD, na vita vya Shifta vikachacha hadi 1967. Watu walikusanywa kwenye vijiji vya kulindwa na askari, ngamia wakafa kwa kukosa malisho. Wazee wetu hawahesabu miaka kwa uhuru, wanahesabu kwa hayo.

Kilichomaliza ni Arusha, Oktoba 1967. Kaunda ndiye alikaa katikati, Kenyatta na Waziri Mkuu Egal wa Somalia wakaelewana. Muone: Mwafrika alisuluhisha na risasi zikanyamaza. Lakini sheria za hali ya hatari zilibaki juu ya vichwa vyetu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hiyo hatuwezi kumbandika mzungu.

#7 Dira ya Kusi

Binti Tana umeongea. Niongezee la kwetu. Julai 1964 Cairo, mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), azimio la kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni lilipelekwa mbele na Mwalimu Nyerere. Somalia na Morocco ndizo zilizolikataa. Mwalimu alijua mipaka ile ni ya ovyo, hoja yake ilikuwa kwamba ukifungua mmoja utafungua yote. Nadhani alikuwa sahihi. Ila kwa mfugaji wa Haud ilikuwa ni kuambiwa na ndugu zake wa Afrika kwamba dhuluma ya 1897 sasa ina muhuri wetu.

#8 Mzee wa Ramani

Nawashukuru wote wawili, mmenipunguzia kazi.

Sasa silaha. Ethiopia ilikuwa na Marekani tangu 1953. Wamarekani walipata Kagnew, kituo cha mawasiliano karibu na Asmara, mahali pa juu penye hali ya hewa nzuri ya kunasa redio za dunia nzima. Kodi ya kituo hicho ililipwa kwa bunduki na ndege. Kufikia 1970 zaidi ya nusu ya msaada wa kijeshi wa Marekani kwa Afrika ulikuwa unaingia Ethiopia peke yake.

Somalia ikabisha hodi Magharibi. Ikaambiwa itapewa kama dola milioni 10, kwa masharti, kwa jeshi dogo la kulinda ndani tu. Mwaka 1963 Moscow ikasema shika milioni 30. Ungekuwa wewe? Baada ya Siad Barre kupindua Oktoba 1969 urafiki ukakolea, na Julai 1974 ukawekwa kwenye mkataba. Warusi wakapata Berbera: bandari, hifadhi ya makombora, na wakajenga njia ya kurukia ndege yenye urefu wa zaidi ya kilomita 4. Ishikeni hiyo njia ya ndege kichwani, itarudi.

Septemba 1974 Haile Selassie akaangushwa. Wanajeshi wa Derg wakajitangaza wajamaa, Februari 1977 Mengistu akawamaliza wenzake akabaki juu. Mwezi huohuo Rais Carter wa Marekani akapunguza msaada kwa sababu ya haki za binadamu. Aprili Mengistu akafunga Kagnew, Mei akawa Moscow anasaini makubaliano.

Piga picha: katikati ya mwaka 1977 Warusi wana washauri Mogadishu na wana washauri Addis Ababa, na nchi hizo mbili zinakaribia kupigana.

#9 Chogo la Samaki

Hiyo ni kuoa mke na mkemwenza siku moja halafu unashangaa sufuria zinaruka.

#10 Mzee wa Ramani

😂 Walijaribu kuwaweka nyumba moja kweli. Machi 1977 Fidel Castro aliwakutanisha Mengistu na Siad Barre mjini Aden. Akawapa wazo la shirikisho la kijamaa: Ethiopia, Somalia, Yemen Kusini, na Ogaden ipewe madaraka yake ndani humo. Siad Barre akakataa. Yeye alitaka Ogaden kwanza, ujamaa wa pamoja baadaye. Mnaona hapo? Mkubwa hakumwamrisha mdogo. Mdogo alikuwa na ajenda yake na alikuwa na haraka, maana jeshi la Ethiopia lilikuwa limedhoofika kwa kuuana wenyewe, Eritrea ilikuwa inawaka, na silaha za Kirusi kwa Mengistu zilikuwa bado hazijafika zote.

Julai akaingia. Ndani ya wiki chache Wasomali walishika sehemu kubwa ya Ogaden. Agosti wakashindwa Dire Dawa, lakini Septemba wakaiteka Jijiga, kambi kubwa ya vifaru vya Ethiopia, baada ya askari wa Ethiopia kuasi na kukimbia. Wakashika kipito cha Karamara, mlango wa kupandia kwenda Harar.

Angani ilikuwa kinyume, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda kwa uchungu. Ndege za Ethiopia zilizokuwa zinazidungua MiG za Somalia zilikuwa F-5 za Kimarekani. Marubani waliofundishwa na Marekani, wakiilinda serikali ambayo sasa ni rafiki wa Moscow, wanazidungua ndege za Kirusi zinazorushwa na marubani waliofundishwa na Warusi. Na Februari 1978 Moshe Dayan, waziri wa mambo ya nje wa Israeli, akatamka hadharani kwamba Israeli nayo inaiuzia Ethiopia silaha. Nchi za Kiarabu zilikuwa nyuma ya Somalia, kwa hiyo Israeli na Cuba zikajikuta kwenye handaki moja.

Marekani? Julai ilimwambia Siad Barre kwamba kimsingi iko tayari kumpa silaha za kujilinda. Agosti, baada ya kuona vita vimeshaingia Ethiopia, ikajitoa. Siad alikuwa ameshavuka mto, mtumbwi ukaondolewa. Tarehe 13 Novemba 1977 akafanya kamari yake ya mwisho: akawafukuza Warusi wote, akavunja uhusiano na Cuba, akitegemea Washington itakimbilia nafasi iliyoachwa. Washington haikukimbia.

Moscow ikakimbia, upande wa pili. Mwishoni mwa Novemba ndege za mizigo zikaanza kuteremka Ethiopia moja baada ya nyingine, silaha za thamani ya kama dola bilioni 1. Wakaja Wacuba zaidi ya 10,000, na Jenerali Vasily Petrov wa Kirusi akapanga vita. Machi 1978 wakaiendea Jijiga. Kupanda Karamara moja kwa moja kulikuwa ni kujiua, maana Wasomali walikuwa juu ya mlima na mizinga. Basi kundi moja likazunguka kwa kaskazini, na helikopta za Kirusi zikabeba magari ya kivita na kuyaweka nyuma ya mlima. Wasomali wakasikia injini mgongoni. Tarehe 5 Machi Jijiga ikarudi mikononi mwa Ethiopia, tarehe 9 Siad Barre akatangaza anaondoa majeshi yake.

#11 Jembe na Shoka

Mzee wa Ramani unaandika vizuri lakini unawachanganya Wacuba na mabeberu. Cuba haikuwa na bandari iliyoitaka pale. Somalia ilivamia nchi mwanachama wa OAU, ikavunja azimio ambalo Dira ya Kusi kalitaja hapo juu, na Ethiopia ikaomba msaada. Nchi nyingi za Afrika zilikubaliana na hilo. Wacuba walifika mpakani wakasimama. Beberu gani anasimama mpakani?

#12 Mzee wa Ramani

Mkuu, kwa sheria uko sawa asilimia mia, na nakupa kwamba Castro alikuwa na imani yake, hakuwa kibaraka wa kutumwa kama wengi wanavyosema.

Lakini hilo la kusimama mpakani litazame vizuri. Warusi walikuwa wamewahakikishia Wamarekani kwamba majeshi hayatavuka kuingia Somalia. Mwisho wa vita vya Ethiopia na Somalia ulikubaliwa kati ya Moscow na Washington. Kisha ikawa kesi yao: Brzezinski, mshauri wa usalama wa Carter, alisema mazungumzo ya SALT ya kuwekea kikomo silaha za nyuklia yalizikwa kwenye mchanga wa Ogaden. Mtu wa Ogaden kafiwa na ngamia na watoto, na anayeombolezewa mchangani ni mkataba wa makombora.

#13 Binti Tana

Na Kenya je, mbona mnatusahau? Kenya ya Kenyatta, rafiki wa Uingereza na Marekani, isiyotaka kusikia neno ujamaa, ilisimama na Mengistu. Mkataba wetu wa ulinzi ulikuwa wa enzi za Haile Selassie na haukufa naye. Sababu ilikuwa moja, ile pembe ya nyota. Februari 1978 ndege ya mizigo ya Misri iliyobeba makombora kuelekea Somalia ilipita anga letu ikalazimishwa kutua Nairobi. Misri ni rafiki wa Marekani, Kenya ni rafiki wa Marekani, na bado tulikamatana mashati. Kwa hivyo hiyo hadithi ya vita baridi, huku chini haikuwa baridi wala haikufuata mistari yao.

#14 Mzee wa Ramani

Binti Tana, hilo bandiko lako linatosha uzi mzima. Wakubwa walikuwa wanasoma ramani ya rangi mbili, majirani walikuwa wanasoma ramani ya visima.

Baada ya vita. Mamia ya maelfu ya watu wakakimbilia Somalia na kujaa kambini, nchi maskini ikawa inategemea unga wa msaada. Aprili 1978 maofisa walijaribu kumpindua Siad Barre wakashindwa, waliopona wakakimbilia Ethiopia na kuanzisha uasi kutokea huko. Na mwaka 1980, miaka miwili tu tangu kushindwa, Marekani ikasaini mkataba wa kutumia Berbera. Shah wa Iran alikuwa ameanguka, Warusi wameingia Afghanistan, Washington ilikuwa inasaka sehemu za kutua karibu na Ghuba. Ile njia ya ndege ya kilomita 4 iliyojengwa na Warusi ikapata mpangaji mpya. Silaha ambazo Siad alizililia mwaka 1977 akiwa anasonga mbele, alipewa kidogo alipokuwa ameshapigwa, na kwa sharti la kutozitumia Ogaden. Hazikwenda Ogaden kweli. Nyingine zikaishia kutumika dhidi ya raia wake.

#15 Kisima Kikavu

Nimesoma yote kwa utulivu, sasa nijibuni. Aprili 1988 Mengistu na Siad Barre walisaini makubaliano wenyewe: kila mmoja aache kuwafuga waasi wa mwenzake, majeshi yasogee nyuma. Hakuna Mrusi wala Mmarekani aliyewashika mkono. Kilichofuata? Waasi wa SNM, Wasomali wa kaskazini waliokuwa wanampinga Siad, walipoona wanapoteza hifadhi Ethiopia, Mei wakaingia Hargeisa na Burao. Jeshi la Siad likaipiga Hargeisa kwa mabomu, ndege zikiruka kutoka uwanja wa ndege wa mji huohuo. Mji ukabaki magofu. Majirani walipopatana peke yao, walipatana ili kila mmoja ashughulike na watu wake. Mzee wa Ramani hapo utamtafuta nani wa mbali?

#16 Mzee wa Ramani

Sitamtafuta mtu. Hargeisa ni ya Siad Barre. Hilo sijawahi kulipinga.

Nitasema moja tu. Kwa nini walipatana 1988 na si 1978? Kwa sababu Gorbachev, mkubwa wa Moscow, alikuwa amechoka kulipa bili za Mengistu, ambaye mwezi mmoja kabla alikuwa amepigwa vibaya na Waeritrea pale Afabet na anahitaji askari wake wa mpakani. Siad naye msaada wa Marekani ulikuwa unakauka. Mkono wa mbali ulikuwepo kwa kuondoka. Januari 1991 Siad akakimbia Mogadishu, Mei mwaka huohuo Mengistu akakimbilia Zimbabwe. Walipewa silaha za kutosha kuanzisha, hawakuachiwa nchi ya kusimama yenyewe.

#17 Dira ya Kusi

Tuje kwenye la sasa. Tarehe 1 Januari 2024 Abiy Ahmed, waziri mkuu wa Ethiopia, anasaini hati na Somaliland iliyojitenga na Somalia, anataka kipande cha pwani. Mogadishu inapandwa na hasira. Je, ni Ogaden ileile?

#18 Mzee wa Ramani

Safari hii imegeuzwa kichwa chini. Zamani Somalia ndiyo ilidai ardhi ya Ethiopia. Sasa Ethiopia, nchi ya watu zaidi ya milioni 120, isiyo na pwani tangu Eritrea ilipojitenga mwaka 1993 na inayopitisha karibu mizigo yake yote Djibouti, ndiyo inayotaka kitu kwa jirani.

Tazama waliofuata mlangoni. Februari 2024 Mogadishu ikasaini mkataba wa ulinzi na Uturuki, ambayo tangu 2017 ina kambi kubwa ya mafunzo mjini humo. Agosti ikasaini na Misri, na ndege za kijeshi za Misri zikaanza kushusha silaha. Misri haina ugomvi na Ethiopia kuhusu Somalia, ugomvi wake ni bwawa kubwa kwenye Nile. Imarati (Falme za Kiarabu) iko upande wa Somaliland na ni rafiki wa Abiy pia, kampuni yake ya DP World inaendesha bandari ya Berbera. Ile njia ya ndege ya Warusi nayo ilipitia mikononi mwa Imarati, walipopewa nafasi ya kujenga kambi pale mwaka 2017. Djibouti pale jirani kuna Wamarekani, Wafaransa, Wachina, Wajapani na Waitalia, wote wanalipa kodi.

Desemba 2024 Erdoğan akawaita Abiy na Rais Hassan Sheikh Mohamud Ankara, wakatoa tamko: Ethiopia ipate njia ya kufika baharini, chini ya mamlaka ya Somalia. Mazungumzo ya kina yakaanza Februari 2025. Nikisema ukweli, mimi hilo tamko nalipenda kuliko chochote cha 1978, kwa sababu angalau hakukuwa na helikopta. Ila msuluhishi ana askari kwa mmoja wa wagomvi, na anauza droni kwa wote wawili.

#19 Binti Tana

Na Somaliland, ambayo ndiyo yenye hiyo pwani, haikuwa Ankara. Wala hakukuwa na mtu wa Jijiga. Tofauti na 1897 ni kwamba siku hizi tunasikia siku hiyohiyo kwa simu.

#20 Jembe na Shoka

Mzee wa Ramani, hukugusa ONLF. Wale wa Ogaden wenyewe waliopigania haki yao bila kutumwa na Mogadishu.

#21 Mzee wa Ramani

Kweli, na ni muhimu. ONLF ilianzishwa 1984, wakati Ogaden imeshachoka kuwa pembe ya nyota ya mtu mwingine. Aprili 2007 wakashambulia eneo la utafiti wa mafuta pale Abole, watu zaidi ya 70 wakauawa wakiwemo Wachina 9. Jeshi la Ethiopia likajibu kwa kuwaadhibu raia, vijiji vikachomwa, misafara ya biashara ikazuiwa. Ulimwengu ulinyamaza, kwa sababu miezi michache tu nyuma, Desemba 2006, Ethiopia ilikuwa imeingia Mogadishu kuwaondoa Mahakama za Kiislamu waliokuwa wameushika mji, na Washington ilikuwa inaiunga mkono. Mshirika wa vita dhidi ya ugaidi hakaripiwi.

Amani ya ONLF ilisainiwa Asmara Oktoba 2018, baada ya Abiy kuingia madarakani na kupatana na Isaias, Rais wa Eritrea. Waasi wakarudi nyumbani wakiwa chama cha siasa. Sasa kinachozungumzwa kule ni gesi ya Calub na Hilala. Bomba lilipangwa kwenda Djibouti, baharini tena, na mfugaji anauliza atapata nini.

#22 Kisima Kikavu

Bado nipo kundi langu, ila nimehama kiti. Anzisha uzi wa gesi, nitakuja kubishana huko.